Tulivyojifunza Upishi Chuoni

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, siku ya vikundi vya parokia)



Tumeombwa tuwaeleze habari za masomo ya upishi ambayo wanakikundi wetu kumi na wawili, wanawake tisa na wanaume watatu, waliyafuata kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu nasi hapa Makueni. Ilikuwa kila Jumanne na Alhamisi kwa wiki nane.

Swali tuliloulizwa nyumbani, na hata nyinyi mtaulizwa, ni hili: mama ambaye amepika tangu utotoni anaenda shuleni kujifunza kupika nini? Mzee mmoja alituambia pesa hiyo afadhali inunue mbuzi. Swali lake si baya. Pesa ya kikundi ni jasho la watu, na mbuzi anaonekana. Lakini hebu tuangalie harusi za hapa kwetu. Wapishi huletwa na gari kutoka mjini, wanalipwa, wanarudi. Kina mama wetu huitwa kumenya viazi na kuosha sufuria, halafu wanaambiwa asante. Pesa inayotoka kijijini kwa njia hiyo kwa mwaka mmoja inazidi bei ya mbuzi.

Tena kupikia watu sita na kupikia mia tatu ni kazi mbili. Nyumbani mama hupima chumvi kwa kiganja, na hakosei, kwa sababu sufuria ni ile ile kila siku. Mpe kilo 20 za mchele uone kama kiganja kitamsaidia. Hapo panatakiwa mizani.

Wengine waliogopa kwamba chuo ni cha vijana waliomaliza shule. Ni kweli vilianza kwa ajili yao. Mwaka 1966 baraza la makanisa, NCCK, lilitoa taarifa iliyouliza vijana watafanya nini baada ya shule, na polytechnic za vijijini zikatokana na mawazo yale. Chini ya katiba ya 2010 vyuo hivyo viko mikononi mwa kaunti. Lakini sisi tulipokelewa vizuri, na nyanya mmoja wa miaka sitini na kitu alikaa benchi moja na wasichana wa umri wa wajukuu wake.

Kabla ya kulipa karo tulitembelea vyuo viwili. Katika cha kwanza mwalimu alikuwa akipika mbele na wanafunzi ishirini wakiandika kwenye daftari. Tuliaga kwa adabu. Katika cha pili kila watu wawili walikuwa na jiko lao na kisu chao. Tulichagua hicho ingawa karo yake ilikuwa juu kidogo. Kwa hivyo mkienda, msiulize karo peke yake. Ulizeni: je, kila mtu atashika unga?

Tuchukue mkate. Vipimo mnaweza kuandika hata sasa: unga wa ngano kilo moja, maji kama mililita 600, chumvi gramu 20, hamira kavu gramu 10, na sukari kidogo ukipenda. Maji yawe ya vuguvugu, kama ya kuogesha mtoto mchanga. Yakiwa moto sana yanaua hamira na mkate haufuri. Haya yote yanaingia kwenye daftari. Lakini unga ukandwe mpaka lini? Daftari litasema dakika kumi. Mwalimu wetu alikataa saa. Alimfundisha kila mmoja kukata kipande kidogo, kukivuta pole pole kwa vidole mpaka kiwe chembamba, na kukiinua dirishani. Kikipitisha mwanga bila kupasuka, umekanda vya kutosha. Kikikatika, rudi mezani. Kuna mwenzetu mmoja, fundi wa mawe, mikono yake ina nguvu kweli kweli, alirudishwa mara nne. Siku hiyo alikoma kusema kupika ni kazi nyepesi.

Na kufura ni hivyo hivyo. Wakati wa joto ni kama saa moja, lakini Julai kukiwa na baridi ni zaidi. Unabonyeza kwa kidole: shimo likirudi pole pole, uko tayari.

Shida ilikuwa oveni. Chuo kina oveni ya gesi, na sisi nyumbani tuna makaa. Wiki ya tatu tukamwomba mwalimu tuiache gesi kabisa, naye akakubali. Tukachukua sufuria kubwa, tukatandaza mchanga mkavu chini, tukaweka ndani sufuria ndogo yenye mkate, tukafunika na kuweka makaa juu ya kifuniko. Makaa yawe machache chini na mengi juu, kwa maana moto wa chini ndio unaounguza. Ukitoa mkate, ugonge chini kwa kidole. Ukilia kama debe tupu, umeiva.

Hatukupenda kila kitu. Mafunzo ya kupamba keki yalichukua siku nyingi mno, na maua ya sukari hapa kwetu hayana mnunuzi. Muthokoi, ambao ndio chakula cha wageni wetu, haukuwa kwenye ratiba hata mara moja. Tuliposema, mwalimu alimwita yule nyanya afundishe darasa, na wasichana wa chuo wakajifunza kutwanga. Kwa hivyo semeni mapema mnachotaka. Karo ni yenu.

Sasa usafi, na hapa tusikilizane sana. Watu wakila matangani wakaumwa tumbo, kikundi hakitaitwa tena. Chakula kilichoiva kikae moto, zaidi ya digrii 60, ama kipoe haraka. Wali ukikaa vuguvugu zaidi ya saa mbili ni hatari, na mnajua vile mgeni wa heshima hupenda kuchelewa. Afadhali upike awamu mbili. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto, kwa sababu maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu.

Na mahindi yenye ukungu, tafadhali, msiyapike. Mwaka 2004, hapa kwetu Makueni na Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya aflatoksini iliyokuwa ndani ya mahindi. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Mpishi hodari hawezi kuiondoa kwa moto. Anaweza tu kukataa gunia.

Somo lililozua kelele nyingi ni la hesabu. Tuseme mandazi 120 yamegharimu shilingi 900, ukihesabu unga, mafuta, sukari, makaa, nauli na hata kazi yako. Kila moja ni shilingi saba na nusu. Ukiuza kwa kumi, faida ni 300. Lakini kumi yakiliwa na watoto na matano yakienda kwa mkopo usiolipwa, umeuza 105 na faida ni 150. Nusu imekwenda, na hakuna mwizi aliyeingia.

Vyeti tuseme kwa kifupi. Sisi tulipewa barua ya chuo tu. Anayetaka kuajiriwa hotelini afanye mtihani wa NITA, akianzia daraja la tatu. Na kila anayepikia umma apimwe na daktari apate cheti cha afya, ambacho hufanywa upya kila miezi sita. Afisa wa afya akija, hicho ndicho atakachouliza kwanza.

Tangu tumalize tumepikia kipaimara, watu 280, na harusi mbili. Pesa ya karo imerudi sandukuni, na yule mzee wa mbuzi ametuagiza tumpikie siku ya mahari ya binti yake. Anataka muthokoi.

Vikundi vinavyotaka kwenda mwaka ujao vituone leo baada ya chakula ili tuombe nafasi pamoja. Chuo hupunguza karo watu wakifika kumi. Sufuria kubwa tunazo mbili na tunaazima, lakini mweka hazina wetu anaomba mumwambie wiki mbili mbele. Za Agosti zimeshachukuliwa.