Sanaa za Mapigano na Usalama wa Njiani: Ipi Humfaa Mwananchi?

(Mada iliyotolewa kwa wananchi wa Kata ya Kagongwa)



Kagongwa inajulikana kwa mpunga na mchele. Msimu wa mavuno ukifika, fedha taslimu hupita mikononi mwa watu wengi, na mama aliyechelewa mashineni hurudi nyumbani giza likiwa limeingia. Kwa mama huyo, na kwa dereva wa bodaboda anayembeba abiria asiyemfahamu, swali la leo si la wapenda filamu: akivamiwa, je, karate, judo au masumbwi yatamwokoa?

Jibu linategemea zaidi namna mtu anavyofanya mazoezi kuliko jina la mchezo. Bondia hujifunza kupigwa bila kupagawa, kwa sababu kila wiki hukutana ulingoni na mwenzake anayerudisha ngumi kweli. Tanzania ina sifa katika mchezo huu: Titus Simba alitwaa medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1970, na Michael Yombayomba akatwaa dhahabu mwaka 1998. Hata hivyo, ngumi isiyo na glovu huweza kumvunja mpigaji mifupa ya mkono, na bondia hafundishwi la kufanya akishaangushwa chini.

Judo, iliyoasisiwa na Jigoro Kano nchini Japani mwaka 1882, hufundisha kujinasua mtu anaposhikwa, na pia kuanguka bila kuumia, ujuzi unaoweza kumfaa hata dereva wa pikipiki. Udhaifu wake ni kwamba kukumbatiana na mwizi mmoja chini, huku wenzake wawili wakiwa wamesimama, ni hatari kubwa. Karate hujenga nguvu, kasi na nidhamu. Lakini mwanafunzi anayerudia mitindo peke yake, bila kupambana na mtu anayempinga, atashangazwa na vurugu za kweli.

Liko jambo moja ambalo kila mwalimu mkweli hulikiri: mbele ya panga au kisu, hakuna sanaa ya mikono mitupu inayoaminika. Fedha hutafutwa tena, uhai hautafutwi. Aliye mbali na akimbie. Asiyeweza kukimbia na aachie mkoba.

Ushahidi wa mafunzo yanayosaidia uko karibu. Katika makazi duni ya Nairobi, wasichana wa sekondari walifundishwa kwa saa 12 tu: kutambua hatari mapema, kukataa kwa sauti thabiti, kupiga kelele, na mwisho kabisa kumpiga mshambuliaji sehemu dhaifu na kukimbia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya waliofundishwa walitumia ujuzi huo kuzuia shambulio katika mwaka uliofuata. Hawakuwa mabingwa wa mchezo wowote. Walijifunza kwanza macho na sauti, kisha mikono.

Wazee wa hapa hawatashangaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu walipoibuka katika vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi, Kahama ikiwemo, silaha yao ya kwanza ilikuwa mwano: yowe likipigwa, kila aliyesikia alitoka. Mwizi aliogopa kijiji kuliko alivyoogopa mtu mmoja mwenye nguvu. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa na vikundi hivyo vikapewa uwezo wa kukamata. Lakini kukamata si kuhukumu. Mtuhumiwa aliyekwisha kudhibitiwa hukabidhiwa polisi. Anayempiga wakati huo hajilindi tena, anatenda kosa.

Mpaka huo umewekwa na sheria. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 18 na vifungu vinavyokifuata, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali, mradi atumie nguvu ya kiasi inayohitajika kuondoa hatari. Hatari ikiisha, haki hiyo nayo imeisha.

Ndugu wananchi, kijana anayependa masumbwi, judo au karate na ajiunge, kwani afya na utulivu atakaopata ni faida tosha. Ila kabla ya kulipa ada, aulize: je, wanafunzi hapa hupambana na mwenzao anayepinga kweli? Je, mwalimu hufundisha lini kukimbia?

Wafanyabiashara nao waweke fedha benki au kwenye simu kabla ya kuondoka, watembee wawili wawili, na wapige 112 wanapoona dalili za uhalifu. Aliyejeruhiwa aende polisi kuchukua fomu ya PF3 na apate matibabu. Aliye katika hatari ya kufa atibiwe kwanza. Aliyefanyiwa ukatili wa kingono awahi kituo cha afya ndani ya saa 72, na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi lipo kwa ajili ya kumsikiliza. Kwa mtoto, namba ya kupiga bila malipo ni 116.

Ngumi nzuri humsaidia mtu mmoja kwa dakika moja. Jirani anayeitika yowe huilinda kata nzima.