Mtoto Asiyethubutu Kunyoosha Mkono



Kamati ya maadhimisho imeniomba niseme machache juu ya vijana wetu wa sekondari. Mimi ni mfanyabiashara, na elimu yangu iliishia sekondari. Nitasema niliyoyaona, si niliyoyasomea.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, nyumbani tulizungumza Kigujarati, dukani Kiswahili, na darasani tulikutana na Kiingereza. Siku moja nilisimama kujibu swali, nikakosea neno. Darasa zima likacheka, na mwalimu akacheka nalo. Tangu siku hiyo hadi nilipomaliza kidato cha nne, sikunyoosha mkono tena. Mara nyingi jibu nilikuwa nalo, nililimeza.

Watoto wa hapa Vwawa wanaijua njia hiyo. Wengi huanza na Kinyiha au Kinyamwanga nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hufika kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa mchangamfu hunyamaza, nasi wazee humsifu kwamba ana adabu. Ndugu zangu, kimya cha woga si adabu.

Mohandas Gandhi alipokuwa mwanafunzi alikuwa na haya nyingi, hata masomo yalipokwisha alikimbilia nyumbani asije akasemeshwa. Katika kesi yake ya kwanza mahakamani Bombay, alisimama kumhoji shahidi, maneno yakamwishia, akaketi. Akamwambia wakala atafute wakili mwingine na arudishiwe ada yake. Mwaka 1893 alisafiri kwenda Afrika Kusini, meli yake ikipitia Lamu, Mombasa na Unguja. Huko Pretoria aliwakusanya Wahindi wenzake, akawahutubia juu ya ukweli katika biashara, nao wakamsikiliza. Baadaye akajitolea kuwafundisha Kiingereza kinyozi, karani na mwenye duka dogo. Hakuzaliwa na ujasiri; aliupata kwa kuuzoea, mbele ya watu wasiomcheka.

Hiyo ndiyo kazi ya vipindi vya stadi za maisha shuleni. Wanafunzi huketi kwa vikundi, kila mmoja hutaja jambo analoliweza na jambo linalomtia hofu. Hujizoeza kuuliza, kukataa lisilofaa na kusema mbele ya wenzao, na sharti ni moja: hakuna kumcheka mwenzio. Shirika la CAMFED, lililoanza kazi nchini mwaka 2005, huwatumia wanawake vijana waliomaliza sekondari kurudi shuleni kwa kujitolea na kuongoza vipindi vya namna hiyo. Mwanafunzi humwona mbele yake mtu aliyepita njia ile ile.

Walimu wetu, nawasihi: mtihani unapokaribia, kipindi hicho kisiwe cha kwanza kuchukuliwa. Mwanafunzi anayeogopa kuuliza hatafaidika sana na marudio ya hesabu.

Wazazi, nasi tujitazame. Nakiri kwamba nilimkaripia mwanangu mbele ya wateja alipokosea chenji, na kwa muda mrefu hakutaka kusimama kaunta. Niliyotendewa darasani, nami nilimtendea dukani. Nilimwomba radhi akiwa mtu mzima, nikatamani ningefanya hivyo siku ile ile.

Kwa hiyo, leo tunaposherehekea umri wa hekalu letu, naiomba kamati iruhusu ukumbi utumike kila Jumamosi alasiri kwa wanafunzi wa dini zote, wajizoeze kusoma kwa sauti, kujadiliana na kuuliza, wakiongozwa na walimu watakaokubali. Chai na madaftari nitagharamia mimi. Mlangoni tuandike: Kuuliza si ujinga.

Na akikosea mtoto, yeyote atakayetaka kucheka atoke nje kwanza, hata akiwa mimi.