Barabara ya Lambwe Si Zawadi ya Mtu

(Hotuba kwa waumini na wanaharakati wa bonde la Lambwe)



Udongo mweusi wa bonde hili mnaujua kuliko sisi. Jua likiwaka hupasuka. Mvua ikinyesha hushika gurudumu kama gundi. Wageni huja kiangazi kutazama wanyama wa Ruma, wakarudi kwao na picha. Ninyi hubaki na masika, na mgonjwa hubebwa mabegani.

Zamani za chama kimoja, barabara ilihesabiwa zawadi ya mkubwa kwa watu watiifu. Wazee wetu walipopigania vyama vingi, hadi kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, walikataa pia fikira hiyo. Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria ya ushuru wa matengenezo ya barabara, unaotozwa kwa kila lita ya petroli na dizeli. Tangu hapo mwananchi haombi, amekwisha kulipa.

Tufanye hesabu. Julai 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Kijana wa bodaboda akitia lita 4 hutoa shilingi 100, na abiria wake ndiye azilipaye katika nauli. Lakini mwaka 2025 serikali iliweka rehani shilingi 7 katika kila 25, ipate fedha za kuwalipa makandarasi malimbikizo ya madeni. Basi katika zile 100, shilingi 28 zimekwisha kuondoka kabla ya koleo moja la changarawe kumwagwa. Hatusemi wanaodai wasilipwe. Mtenda kazi anastahili ujira wake. Tunauliza: ni nani aliyetia sahihi kandarasi nyingi kuliko fedha zilizokuwapo?

Na zilizosalia? Magavana na wabunge waligombania shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo hadi mahakamani, kila upande ukidai barabara za mashambani ni zake. Wakati huo wote mitaro ya Lambwe ilikuwa ikijaa matope.

Ndugu zetu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtaro usiozibuliwa mwaka huu ni barabara nzima ya kujengwa upya mwaka ujao, tena kwa mkopo.

Kwa hiyo tunawasihi: kila kanisa lichague watu watatu. Waandike barua kuuliza jina la mkandarasi wa barabara yao, urefu wa kazi, kiasi cha fedha na tarehe ya kumaliza. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinawapa haki hiyo, na sheria ya 2016 inamtaka afisa ajibu katika siku 21. Jibu likifika, waipime barabara kwa miguu yao wenyewe, karatasi mkononi.

Palipoandikwa changarawe pakaonekana matope, tuleteeni karatasi hiyo. Sisi mawakili tutasimama nanyi mahakamani, wala hatutawadai ada.