Shamba Tulilishika, Karakana Tukaisahau



Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe na shamba au karakana. Shamba tulilishika barabara. Karakana tuliisahau, na hata kule shambani mara nyingi mtoto alikuwa kibarua tu: kapewa jembe, kaonyeshwa tuta, kaambiwa lima. Mwalimu alikuwa amesema pia kwamba wanafunzi washiriki katika kupanga kazi yao. Neno hilo nalo lilitupita.

Leo twataka kusema juu ya karakana ya watoto wa shule za msingi. Msidhani twaomba jengo na mashine. Nani asiyemjua mtoto wa miaka minane atengenezaye gari la waya, akakata kandambili kuukuu kufanya magurudumu? Ekseli ikibana, gari haliendi. Hulifungua, hulegeza, hujaribu tena. Hakuna aliyemfundisha msuguano, naye amekwisha kuujua. Kisha kengele hulia, gari huachwa nje ya mlango, na ndani mtoto yule yule hukaririshwa maana ya msuguano. Jambo hili latusikitisha sana. Huko Marekani, tangu 1990, yapo makambi yaitwayo Camp Invention ambako watoto wa shule za msingi hupewa vyombo vibovu wavifungue na kuundia vitu vipya, na wazazi wengi hulipa ada. Wa kwetu huanza wenyewe, bure, nasi twawaita watundu.

Hapana budi gari liingie darasani. Mpeni mtoto betri ya tochi, glopu ndogo na vipande viwili vya waya, mwulizeni: utaiwashaje? Atahangaika. Mwacheni ahangaike. Ikiisha kuwaka, abuni swichi kwa kipande cha bati. (Umeme wa ukutani usiguswe kamwe, na makali ya bati yakunjwe.)

Wako wazazi wasemao hawakumpeleka mtoto shule akacheze na makopo. Wanaogopa mtihani, nasi hatuwalaumu. Lakini swali la umeme humtisha zaidi yule ambaye hajapata kuwasha taa kwa mikono yake.

Kwenu mafundi, wa baiskeli, wa redio, maseremala: twawaomba saa moja kwa juma, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Msimshikie mtoto koleo. Na sisi wengine tupeleke shuleni waya, makopo na kandambili zilizokatika.