Hotuba kwa Wakazi wa Mibirizi: Uhai Kwanza, Madini Baadaye



Mibirizi ilipokea kahawa misheni mwaka 1904, na hata leo aina moja ya mbuni inaitwa kwa jina la kijiji hiki. Leo vijana wetu wanavutwa na dhahabu ya Nyungwe, ambayo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005.

Hatukuja kuulaani uchimbaji. Bati, koltani na volframu huliingizia taifa fedha za kigeni. Tunachokataza ni shimo lisilo na kibali, ambalo halina magogo ya kuzuia udongo wala msimamizi wa kuhesabu walioingia na waliotoka. Mvua ikinyesha, udongo hulegea na shimo hugeuka kaburi.

Tena, mjini Lusaka, Desemba 2010, nchi za Maziwa Makuu zilikubaliana kwamba asili ya madini ijulikane. Gunia lisilo na lebo, likivushwa mto Rusizi usiku, huuzwa kwa bei ya kutupa. Anayekamatwa ni mbebaji. Mwenye faida hubaki gizani.

Ndugu zetu, shimo likiporomoka, msilifukue kwa siri mkihofia sheria. Pigeni simu 112 papo hapo. Uhai kwanza, maswali baadaye. Nanyi wazazi, mtoto akirudi alfajiri na matope na fedha, muulizeni alikotoka.

Ulinzi wa mpaka huanzia nyumbani. Tushirikiane.