Maradhi ya moyo katika njia ya misafara

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Tabora, juu ya utafiti wa maradhi ya akili na watu kujitoa uhai.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo katika vikao vyetu hutajwa kwa kunong'ona, nalo ni mtu kuuchoka uhai wake. Wataalamu wameliandikia mengi. Émile Durkheim wa Ufaransa alichapisha kitabu chake mwaka 1897, akaeleza kwamba tendo hili, ingawa hufanywa na mtu mmoja, hutegemea sana uimara au ulegevu wa vifungo vinavyomuunga mtu huyo na wenzake. Lakini sisi wa Tabora hatulazimiki kwenda Ufaransa kulianza somo hili. Ushahidi wake wa zamani ulipita mlangoni petu.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, ilipitia hapa Unyanyembe. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iliendelea hadi Manyema, katika Kongo ya leo. Huko, kati ya 1869 na 1871, David Livingstone, ambaye alikuwa daktari, aliandika katika shajara yake habari za maradhi yaliyomshangaza kuliko yote aliyoyaona katika nchi hizi. Yaliwashika watu huru waliotekwa na kufanywa watumwa. Mateka wa mfanyabiashara mmoja walivushwa mto Lualaba, wakayaona maji yale mapana yamewatenga na kwao. Wanane, pamoja na wengi waliokuwa bado katika minyororo, walikufa katika siku tatu baada ya kuvuka. Walisema kwamba maumivu yao yako moyoni tu, wakaweka mkono mahali penyewe.

Machi 1872 Stanley aliichukua shajara hiyo kutoka Kwihara, karibu na mji huu, akaipeleka pwani. Hivyo habari za mateka wale zilisafiri kwa njia ileile ya misafara. Kitabu kilitoka mwaka 1874, mwandishi wake akiwa amekwisha kufariki.

Sisemi kwamba watu wale walijiua. Livingstone hakusema hivyo, na daktari wa leo angetafuta pia sababu nyingine za mwili. Ninalotaka tulitazame ni lile swali la wafanyabiashara. Wao walistaajabu: watu hawa wana chakula tele, wala hawafanyishwi kazi, mbona wanakufa?

Ndugu zangu, swali hilo halijafa. Mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya mbali anaacha kula, halali usiku, anajitenga na wenzake. Husemwa juu yake: mshahara anapata, nyumba anayo, anakosa nini? Mwanafunzi aliyefeli mtihani ananyamaza majuma mawili, naye huitwa mvivu. Anayesema hivyo hupima uhai wa binadamu kwa kibaba cha chakula, kama alivyopima tajiri wa msafara.

Hata huduma yetu ya wagonjwa wa akili ina asili yake katika historia hiyo. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 iligeuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1927, wakati wa Waingereza, ikafunguliwa Mirembe huko Dodoma. Baadaye wataalamu wetu wenyewe waliishika kazi ya utafiti. Mwaka 1997 Daktari Noah Ndosi na mwenzake walichapisha uchunguzi juu ya watu waliojaribu kujidhuru katika Dar es Salaam. Thamani ya uchunguzi wa namna hiyo ni kwamba huwaendea wale walionusurika na kutaka kujua habari zao. Mtafiti huuliza pale ambapo sisi huhukumu.

Sheria nayo imehukumu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kutoka enzi za Waingereza, kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Waingereza wenyewe waliliondoa kosa hilo katika sheria ya kwao mwaka 1961. Huko Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Yafaa nasi tujiulize: mtu anayeogopa polisi atamwambia nani kwamba moyo unamuuma? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya 720,000 walijitoa uhai duniani. Wengi wao walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama zetu.

Basi mwalimu au mtumishi wa umma afanye nini? Kwanza, aulize waziwazi, kwa upole: je, umefikia hatua ya kutotaka kuishi? Utafiti umeonyesha kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Pili, asimwache peke yake, bali amfikishe kwa jamaa anaowaamini na kwa mganga wa hospitali. Tatu, katika mkoa huu wa tumbaku, dawa za mashambani zifungiwe kwa kufuli.

Wala tusiseme kwamba mila zetu hazina njia ya kulizungumza jambo zito. Wanyamwezi na watu wa pwani walijenga utani katika safari zilezile za misafara. Mtani haogopi kuingia nyumba yenye kilio na kusema ambalo wengine wanalimeza. Ujasiri huo tuupeleke kwa aliye hai, kabla ya msiba.

Mateka wa Lualaba waliweka mkono juu ya moyo, na mtu mmoja akayaandika waliyosema. Waliowamiliki walishangaa tu. Kila mmoja wetu, shuleni kwake na ofisini kwake, hana budi kuchagua atakuwa yupi.