Mafunjo Yakitoweka Bondeni

Ndugu msikilizaji, anayesafiri kutoka Kasulu kwenda Kibondo huvuka vijito vingi. Wengi wetu tunapovuka huangalia daraja, majani hatuyaangalii. Leo naomba tuyaangalie.

Mimea ya mtoni haioti ovyo. Kwenye miteremko, ambako maji yana kasi na chini ni mwamba, hakuna tope la kushika mizizi. Hapo huweza kuishi mimea midogo inayojibandika kwenye mawe na kutoa maua kiangazi, maji yanapopungua. Mto ukifika bondeni ukatulia, huacha tope, na hapo huota matete na mafunjo. Yungiyungi hutaka maji yaliyotulia na jua la kutosha. Kwenye kivuli kizito cha miti hulioni. Na pale panapofurika masika kisha kukauka kabisa kiangazi, mafunjo hushindwa, nyasi zikashika nafasi.

Ndiyo maana bonde la Malagarasi na Muyovozi, ambako maji mengi hukusanyika na kutulia kabla ya kwenda Ziwa Tanganyika, limejaa mafunjo. Mwaka 2000 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, likiwa la kwanza hapa nchini.

Sasa tujiulize. Mkulima anayechoma mafunjo ili apande maharage ya kiangazi ana watoto wa kulisha, nami simlaumu. Lakini mafunjo hayo ndiyo yaliyokuwa yakipunguza kasi ya maji na kunasa tope. Yakiondoka, maji ya masika hupita mbio, huchimba mfereji na kubeba udongo. Kiangazi bonde hukauka mapema. Mwishowe hata maharage hukosa unyevu. Mkulima huhamia bonde jingine, kiberiti mkononi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika mabonde yetu membamba, mita 60 huenda ndizo shamba zima la mtu. Kwa hiyo amri peke yake haitoshi. Serikali ya kijiji, bwana shamba na wakulima wakae chini, wakubaliane mahali pa kulima na mahali pa kuacha, wakianza na chemchemi.

Ndugu msikilizaji, ukipita kijito ulichochota maji utotoni, ukakuta nyasi kavu palipokuwa na mafunjo, ujue mto umekwisha kutoa taarifa. Kazi iliyobaki ni ya kijiji.